Tupeane uzoefu: uliwahi kupiga simu kwenye kipindi cha asubuhi redioni huku Nyanda za Juu Kusini? Ilikuwaje?

Mwana wa Igawilo (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Kila mji wa huku kwetu, kuanzia Tunduma mpaka Iringa, una kipindi chake cha kila siku ambacho kila kitu kinapita humo humo: magazeti ya leo, diwani anabanwa kuhusu maji, msanii chipukizi ana wimbo mpya, mzee wa mila anaeleza mahari za zamani, kisha simu zinafunguliwa. Kuna wanaosema burudani ikae kwake na siasa kwake. Kwa Mbeya hoja hiyo imechelewa. Sugu alitoka kwenye hip hop akawa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, na Dk. Tulia Ackson aliyemfuata jina lake lilikuwa limeshazungumzwa sana kwa sababu ya lile tamasha la ngoma za asili pale Tukuyu.

Mimi wageni wa studio wananichosha, hasa wale wa "kwanza kabisa nimshukuru". Nasubiri simu. Sasa mliowahi kupiga, kualikwa, au kukaa upande wa pili wa kioo, leteni. Mwenye lalamiko asitaje kituo wala mtu.

Binti Rungwe
Yangu ni ya bibi. Mada ilikuwa gharama za misiba kwetu Unyakyusa: ng'ombe wanaochinjwa, watu kulala matanga siku nyingi. Mtangazaji, kijana ukimsikia tu sauti, akasema mila hii inafilisi familia. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akaniambia, "Piga."

Laini ikaingia. Akaanza kwa Kinyakyusa, na alianza na moto kweli. Kijana akamkatisha kwa adabu: "Shikamoo bibi, naomba tutumie Kiswahili, ni masharti ya leseni." Na ni kweli, redio zetu zinatakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Bibi ana Kiswahili cha kuuzia ndizi. Cha kugombania hana. Akanipa simu, "Sema wewe." Nikawa nasema huku napunguza makali, naye ananipiga paja: hujasema yote!

Alichotaka kijana akielewe ni kwamba ng'ombe wale si karamu. Msibani ndipo koo zinapojuana, madeni ya marehemu yanatajwa mbele za watu, na walezi wa watoto wanajulikana hadharani. Ukizipunguza siku hizo, ugomvi unahamia baraza la kata, na huko gharama yake hakuna anayeihesabu. Asubuhi ile sikusikia hoja nzito kuliko hiyo, na hewani ilifika robo. Sisemi sheria ifutwe, sababu yake naijua. Lakini mada ikiwa ni mila, kwa nini mzee asiseme kwanza, mtangazaji akafasiri? Ndugu zetu wa Kyela wanafungulia redio za upande wa Malawi, wanasikia maneno ya kwao.

Wa Mafiati
Bibi apewe kipindi chake. Huyo kijana asingefika saa nne.

Mnyalukolo wa Kihesa
Kamwene wakuu. Mimi nilialikwa. Tuna kikundi cha ngoma, tulikuwa na onyesho Jumamosi, nikapewa dakika chache za mwisho. Bahati yangu mbaya, mada iliyotangulia ilikuwa Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na fuvu linalotunzwa Kalenga kama lake, na ilikuwa imewaka.

Mpigaji mmoja wa Tosamaganga anadai lile silo fuvu la Mkwawa. Na hakuwa anabisha kijiweni. Akaanza na Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ulioitaka Ujerumani ilirudishe. Halikurudi. Miaka ikapita hadi Twining, gavana wa Tanganyika, alipokwenda makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu kibao, akachukua moja lililokaribiana na vipimo vya ukoo wa Mkwawa, likaletwa Kalenga 1954. "Alichagua!" jamaa akarudia. "Kama anachagua viazi?" Simu zikafurika. Mzee mmoja akajibu taratibu sana kwamba ukoo ulilipokea, ukalifanyia yote yanayompasa mtwa, na baada ya hapo wewe wa Tosamaganga unataka kupima nini?

Zamu yangu ikafika. Mtangazaji: "Na wewe msanii, ni lenyewe au silo?" Nilikuwa nimeshika ngoma, nikaipiga. Onyesho lilijaa, ila mlangoni watu waliendelea na fuvu mpaka tukachelewa kuanza.

Fundi Mitambo Mstaafu
Nimekaa upande wa kioo, Iringa na baadaye Mbeya. Mnaloliona rahisi si rahisi. Simu ikiingia tunakuuliza kwanza jina, uko wapi, unataka kusema nini, halafu tunakuomba upunguze redio yako ili isije ikapiga kelele hewani. Nusu ya watu hawapunguzi. Anasubiri ajisikie! Wengine wakishaunganishwa wanasahau mada, wanasalimia ukoo kuanzia Chimala hadi Vwawa.

Mwaka wa uchaguzi kuna kazi nyingine. Wanapiga watu tofauti kutoka kata tofauti na sentensi ni ile ile, mpaka pumzi wanavutia sehemu moja. Hao tuliwatambua mapema, lakini kuwazuia ni kesi: chama chao kitasema tunabagua. Mtangazaji mzuri anawauliza swali moja tu ambalo hawakuandikiwa.

Kusoma magazeti nako kulibadilika mwaka 2017, serikali ilipoagiza redio na televisheni zisome vichwa vya habari, undani mtu akanunue gazeti. Waziri wa Habari wakati huo alikuwa Dk. Mwakyembe, mbunge wa Kyela, wa kwetu kabisa. Muda uliobaki wazi tukaujaza kwa simu, kwa hiyo msiilaani amri yote.

Na kuna la uchungu. Septemba 2, 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini kule Nyololo, Mufindi. Mama yangu alinisubiri mlangoni siku ile, akaniuliza kama kazi ya vyuma vya redio haipatikani kiwandani. Nilibaki, ila tangu hapo kabla ya kufungua simu za siasa mkono wangu ulikuwa unakaa karibu na kitufe cha kukata simu.

Mzee wa Makambako
Nyie mna bahati ya kujibu. Sisi wakati wa RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa ni kusikiliza: Mazungumzo Baada ya Habari, kisha mnacheka na Pwagu na Pwaguzi. Kujibu ni barua, nayo ufike posta. Lakini nawapa moja: mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikusanyika kikundi kuizunguka redio, kiongozi ana kijitabu, kipindi kikiisha tunajadili, kisha majembe begani kwenda kuchimba vyoo. Waliokadiriwa kushiriki nchi nzima walifika milioni 2. Siku hizi mnajadili mtaro hewani saa nzima, mkimaliza mnaweka muziki.

Muuza Mitumba Kabwe
Mzee umenigusa, maana mimi nilipiga kuhusu mtaro huo huo. Kesho yake mtendaji akafika kwenye meza yangu, jina na kata naacha. "Wewe ndiye yule wa redioni?" Nikamwambia ndiyo, kiongozi. Akachagua koti la baridi, akalipa bila kupunguziwa, akaondoka. Mtaro upo, na mvua zikianza nahamisha meza. Ila wateja wengine wananijua kwa sauti, wananiita "mada ya leo".

Binti Rungwe
Fundi, swali: mbona laini haipatikani kabisa? Bibi ana hoja ya mahari tangu wiki iliyopita, na safari hii ameshaifanyia mazoezi kwa Kiswahili.

Fundi Mitambo Mstaafu
Usipige mada inapotangazwa, hapo kila mtu anapiga. Ngoja waingie kwenye matangazo ya biashara, piga katikati, kuna mtu yuko mezani hana la kufanya. Tumia simu ya kitochi, inashika mtandao vizuri huko milimani. Na mwambie bibi salamu ziwe moja tu.