Binti yangu anaenda kusoma Leicester, mtandaoni wanasema mji una uhalifu mkubwa. Mnaoishi huko nisaidieni

MamaWaTatu_Tanga

Habari zenu wana jukwaa. Niko Tanga, naandika usiku huu kwa sababu usingizi umekataa kabisa. Binti yangu mkubwa amepata nafasi ya kusoma masta Leicester kule Uingereza, chuo cha De Montfort, anaondoka mwezi ujao, visa imetoka na ada ya kwanza tumeshalipa, na kiwanja cha marehemu baba yake ndicho kilichoondoka hapo kwahiyo mjue sio jambo la kusema tu aahirishe.

Sasa juzi mdogo wake akaandika jina la mji na neno uhalifu kwenye simu, zikaja kurasa kibao, moja ina mshale uko kwenye rangi nyekundu, nyingine inasema kila watu elfu wana makosa kadhaa, halafu ikaja ramani ya polisi ina miduara yenye namba ukigusa mduara unagawanyika inatoka midogo midogo mpaka unafika mtaani. Akagusa karibu na chuo. Akanisomea, ukatili na makosa ya kingono, namba hiyo. Nikamwambia zima simu mwanangu. Tangu hapo sijala vizuri.

Naomba mnaokaa huko mniambie ukweli, huyu mtoto akitoka maktaba saa tatu usiku anafika kwake salama? Akae mtaa gani? Shemeji yangu anasema nimnunulie ile dawa ya kupuliza machoni aweke kwenye pochi. Msinifiche kitu, bora nijue.

nesi_wa_usiku

Shikamoo mama. Kwanza kabla ya yote hiyo dawa ya kupuliza ASIJE NAYO. Huku iko kwenye sheria ya silaha ya 1968, kundi moja na bunduki za marufuku, akikutwa nayo uwanja wa ndege au mtaani yeye ndiye mkosaji, na mwanafunzi mwenye visa kesi kama hiyo inamharibia kila kitu. Akitaka kitu cha mkononi kuna kengele ndogo unavuta kipini inapiga kelele balaa, inauzwa pauni chache na ni halali.

Sasa kuhusu ramani. Mimi niko Leicester tangu 2011, nafanya shifti za usiku, na hiyo ramani niliwahi kuitazama nikalia kama wewe. Sikia mama, lile neno lililokutoa jasho, ukatili na makosa ya kingono, ni kapu moja kubwa. Ndani yake kuna mtu aliyechomwa kisu na kuna mtu aliyesukumwa baa bila kuumia, kuna mtu aliyetumiwa meseji za vitisho na mpenzi waliyeachana, kuna kufuatwafuatwa na kusumbuliwa kwa simu, vyote vinahesabiwa humo. Na ile alama unayoiona haiko kwenye nyumba lilipotokea kosa, wanasogeza makosa kwenye alama ya karibu ili watu wasitambulike, kwahiyo ukiona mengi sehemu moja angalia pana nini hapo. Mara nyingi utakuta pana supamaketi, au baa, au stesheni ya basi.

Halafu ile hesabu ya kila watu elfu, wanagawa kwa wanaolala pale. Katikati ya mji, pale Clock Tower na Haymarket na Highcross, wanaolala ni wachache lakini Jumamosi wanaingia watu kutoka mkoa mzima, wengine kununua, wengine kulewa, na wizi wa madukani nao unaandikwa wote hapo. Lazima namba ipande. Sikwambii hakuna kitu, mimi ni nesi naona wanaoletwa Ijumaa usiku, ila wengi ni walevi waliopigana wenyewe kwa wenyewe na wengi zaidi ni waliopigwa majumbani mwao na watu wanaowajua. Mauaji, England na Wales kwa pamoja, miaka hii yanakuwa kama 500 hadi 600 kwa mwaka na watu ni zaidi ya milioni 60.

Kitu kitakachomshtua binti ni giza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni mama, na asubuhi linatoka saa mbili na kitu. Sasa ukisema arudi kabla ya giza maana yake asisome. Kinachotakiwa ni njia. Kuna njia ya miguu inaitwa New Walk, ya tangu 1785, miti pande zote, mchana nzuri mno, mimi mwenyewe hupita nikitoka kazini asubuhi. Usiku sipiti, nazunguka London Road kwenye magari na taa na maduka, dakika tano zaidi. Na kwa De Montfort kuna mto Soar na Bede Park, ni hivyo hivyo, mchana apite, usiku afuate barabara kubwa.

mkwawa_jr

Mama pole, mimi nimemaliza masta hapo hapo Leicester, nilikaa upande wa Narborough Road. Mtaa una watu wa dunia nzima, unga wa ugali unapata, mihogo unapata, kinyozi anayejua nywele zetu yupo. Ni karibu na De Montfort kwa miguu.

Niliporwa simu mara moja. Nilisimama kituo cha basi saa moja usiku natazama basi langu liko wapi, simu mkono mmoja nimeinyoosha mbele hivi, masikioni nimeweka muziki, basi baiskeli ya umeme ikapita kwenye njia ya waenda kwa miguu kimya kabisa, watu wawili, wa nyuma akanyoosha mkono na simu ikaondoka. Sikuguswa hata kidole. Nilibaki nimesimama mkono bado uko hewani. Kilichoniuma sio simu, ni kwamba benki na kila kitu viko humo na sikuwa nimeandika ile namba ya IMEI, namba ya kuitambulisha simu yenyewe, popote. Mwambie binti leo hii abonyeze *#06# aandike ile namba kwenye daftari akuachie na wewe nakala. Ukiripoti polisi wanakupa namba ya kesi na bima ndio wanayoitaka.

Lakini mama nilichokiona kikimharibia mwanafunzi maisha hakikuwa mtaani. Kijana tuliyekaa naye nyumba moja, mtu mpole, wa kusali, alikuwa amekwama kodi. Akatokea jamaa mwenye lugha yetu kabisa, akamwambia kuna hela itaingia kwenye akaunti yako, wewe itoe unipe, baki na pauni mia tatu. Akakubali, akijua anamsaidia mwenzake ambaye hajafungua akaunti. Hela ilikuwa ya wizi wa mtandaoni. Benki ikafunga akaunti, jina likawekewa alama ambayo inakaa miaka 6, hakuna benki nyingine iliyomkubali, mshahara wa kibarua haukuwa na pa kuingia. Nilimkuta jikoni saa nane usiku amekaa gizani na barua ya benki. Sheria yao ya kutakatisha pesa inafika mpaka miaka 14 jela, yeye hakufungwa, lakini alivyorudi nyumbani hakuwa mtu yule. Hakuna ramani inayoonyesha hilo, na wanaofuatwa ni watoto wetu wageni wenye shida ya hela.

MamaWaTatu_Tanga

Nesi marahaba mwanangu, umenishusha presha. Mkwawa hilo la akaunti limenitetemesha kuliko ramani maana huyu wangu haombwi kitu akakataa. Nimemwita nimemsomesha mbele yangu. Sasa na hili la nyumba, kuna mtu amempata kwenye kundi la WhatsApp ana chumba, picha nzuri, anataka alipwe miezi miwili kwanza ndio amtumie funguo kwa posta.

nesi_wa_usiku

Mama asilipe. ASILIPE hata senti. Funguo kwa posta ni wizi mkavu, kila Septemba tunapata watoto wamesimama na masanduku mbele ya nyumba yenye watu wengine kabisa. Sheria huku dipoziti haizidi kodi ya wiki 5, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko wa kulinda dipoziti ndani ya siku 30 na akupe karatasi. Mwezi wa kwanza akae hosteli ya chuo au zilizopitishwa na chuo, hata kama ni ghali, akishafika ataenda kukagua nyumba kwa macho yake na aende mara mbili, mchana na usiku.

Na atapigiwa simu. Itaonekana namba ya serikali kabisa, mtu anasema ni uhamiaji, visa yako ina kosa lipa sasa hivi au tunakuja kukukamata. Uhamiaji hawapigi simu kudai hela. Akate. Kama amechanganyikiwa kuhusu benki apige 159, wanamuunganisha na benki yake ya kweli.

wa_Kisumu_Ndogo

Mimi niko Coventry si Leicester lakini ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari na shida zetu ni moja. Nesi nakuheshimu sana lakini tusimpake mama mafuta kwa mgongo wa chupa. Visu viko. Hapa mtaani kwangu mwaka juzi nilirudi kazini nikapata kamba za polisi za bluu na nyeupe zimefunga barabara, kesho yake maua yamefungwa kwa nguzo ya taa, na picha ya kijana, na viatu vya mpira vipya vimening'inizwa hapo kwa kamba. Nimepita hapo na watoto wangu kila asubuhi kwa mwezi mzima nikitafuta la kuwaambia. Wavulana wa miaka kumi na tano, kumi na sita, wanabeba kisu kwa sababu mwenzake anabeba. Kubeba tu bila sababu ya maana ni mpaka miaka 4 jela na bado wanabeba. Mimi nikiwa mzazi mwenye mvulana anayekulia huku nalala macho wazi, hiyo hofu yangu ni ya kweli.

Binti wa masta anayekuja mtu mzima hayuko kwa hizo njia, hilo nakubali na nesi. Lakini mwambieni vitu vya kufanya pia. Dharura ni 999. Isiyo ya haraka ni 101. Na kama yuko mahali hawezi kuongea, labda mtu yuko karibu anamsikia, apige 999 kwa simu ya mkononi, akiulizwa asijibu, akisikia sauti inamwambia abonyeze, abonyeze 55. Anaunganishwa na polisi. Asipobonyeza wanaweza kudhani simu imejipiga mfukoni na laini inakatwa. Pia akiandika neno register atume kwa 999 anasajiliwa kuweza kuomba msaada kwa meseji. Afanye hiyo siku ya kwanza akishaweka laini.

Mzee wa Belgrave

Mama, salaam. Mimi ni Mhindi wa Mwanza, nimezaliwa Mwanza, baba alikuwa na duka la vitambaa, tumefika Leicester 1974 mimi nikiwa na miaka kumi na moja. Kiswahili changu kimeshika kutu kidogo mnisamehe, natumia na mke wangu na pale sokoni tu.

Nataka mama ajue mji huu ulivyokuwa. 1972 Amin alipofukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya hapa iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kule Kampala kuwaambia watu wasije Leicester, mji umejaa. Watu wakaja. Sisi shuleni tulikuwa tunatembea watano watano, ukitembea peke yako unapigwa, na 1979 wale National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, waliandamana katikati ya mji, baba akafunga duka na milango, tukakaa chumba cha nyuma. Ule ndio uhalifu niliokulia mimi na hakuna mtu aliyeuandika kwa namba, nani angeenda kuripoti. Sasa hivi mtu akimtukana binti yako kwa rangi yake au hijabu kwenye basi, ni kosa, linaandikwa, na aripoti hata kama anaona dogo. Ukiona makosa mengi yameandikwa, mengine ni kwamba watu sasa wanasema.

2022 tulipata aibu yetu. Baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan mwisho wa Agosti vijana wa Kihindu na wa Kiislamu wakaanza, Septemba ikawa mbaya, huku kwetu Belgrave na Green Lane Road, polisi wakaletwa mpaka kutoka mikoa mingine. Jirani yangu Mwislamu tumekaa miaka thelathini ukuta mmoja, usiku ule alitoka akasimama kwenye geti langu mpaka saa saba, na mimi nikasimama naye. Mama akisoma habari hizo asidhani mji uko hivyo kila siku, ila asiambiwe pia kwamba hazikutokea.

Binti akitaka viungo na unga wa dengu aje Belgrave Road, aseme tu anatoka Tanga.

MamaWaTatu_Tanga

Shikamoo mzee wangu, umenitoa machozi, eti Mhindi wa Mwanza. Wa Kisumu Ndogo asante na wewe kwa kutoficha, Mungu akulindie mwanao. Yule wa chumba tumemwambia tunataka kwanza tuone nyumba kwa video akiwa ndani, amenyamaza tangu mchana, na sasa ametutoa kwenye kundi. Ile namba ya IMEI ya simu ya binti nimeiandika nyuma ya Biblia. Hofu haijaisha, ila sasa najua naogopa nini.

nesi_wa_usiku

Afadhali mama. Basi la kutoka Heathrow linaingia stesheni ya St Margaret's, mimi nikijua tarehe nabadilisha shifti naenda kumpokea. Lakini usiniamini kwa sababu nimeandika vizuri hapa, na hilo limfunze binti pia. Tupigiane video kwanza, wewe na yeye na mimi, unione nilipo na watoto wangu. Kesho saa mbili usiku kwa saa zenu, kwangu itakuwa saa kumi na mbili jioni, kabla sijatoka kwenda kazini.