Tupeane uzoefu: mataa ya mtaani kwenu yanakuvusha au yanakuvizia?

Mzee wa Kona
Wakuu habari za jioni. Hapa Dar, makutano ya TAZARA walipata daraja la juu la Mfugale 2018, Ubungo wakapata la Kijazi 2021, na tangu hapo kila makutano yakiua mtu tunadai flaiova. Haziwezi kujengwa kila kona. Kwingine tutabaki na mataa ya kuongozea magari, kwa hiyo tuyaongelee. Siasa tuweke pembeni. Semeni mlichokiona: hatari inakuja wakati gani hasa, na kama kuna kilichobadilishwa kikasaidia, kitajeni.

Naanza. Barabara ya Morogoro mtu wa miguu anavuka barabara tatu kwa mpigo: magari ya upande huu, njia ya mabasi ya mwendokasi katikati, halafu magari ya upande wa pili. Ukishamaliza nusu ya kwanza unajiona umevuka. Magari pembeni yamelala kwenye foleni, kwa hiyo akili inakwambia kila kitu kimesimama. Sasa lile basi la mita 18 halina foleni, linakuja na spidi yake. Nimeshuhudia kijana akivutwa shati na muuza maji, basi likapita palepale alipokuwa anakanyaga.

Suka Mstaafu
Mimi nimeendesha daladala miaka mingi. Tatizo ni njano. Njano kwetu maana yake kanyaga, na konda huko nyuma anapiga bodi "twende twende!" Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, hapo kufunga breki na abiria wamesimama si mchezo. Lakini anayepita na njano peke yake mara nyingi anapona. Balaa ni bodaboda wa upande wa pili. Yule haangalii taa yake, anaangalia YENU. Akiona kwenu imekuwa njano, keshaachia klachi. Mnakutana katikati. Ndiyo maana yale mataa yanayohesabu sekunde siyapendi sana, ikifika mbili watu washaondoka.

Fundi Kabati
Suka kamaliza. Dawa yake ni muda mfupi ambao pande ZOTE zinakuwa nyekundu, sekunde mbili tu, aliyechelewa amalizie kutoka. Hauhitaji nguzo mpya, unapangwa ndani ya lile kabati la chuma pembeni ya barabara. Nimefanya kazi na mkandarasi mmoja, tukifungua kabati tunakuta muda huo umewekwa sifuri ili foleni iende haraka. Foleni yenyewe haikuisha.

Jingine ni jua. Barabara inayoelekea magharibi, saa kumi na moja jioni huoni rangi yoyote, hasa kama zile kofia juu ya taa zimeng'oka. Na mkiona njano inawaka na kuzima pande zote, mara nyingi mtambo umegundua hitilafu ukajilinda usije ukawasha kijani mbili zinazogongana. Pale kila mtu anatakiwa apunguze mwendo. Badala yake kila mtu anaona karuhusiwa yeye.

Jirani wa Mbagala
Nyie mna mataa? Huku kwetu taa ni mkono wangu na dua ya mama 😂

Mama Nuru
Mimi navuka na mama yangu anayetembea na fimbo. Kamtu ka kijani kanazima tukiwa katikati, kila siku. Na hata kakiwa kanawaka, magari yanayokata kushoto nayo yameruhusiwa, yanatujia ubavuni. Kilichotusaidia ni kisiwa, kale kasehemu ka zege walikokainua katikati ya barabara. Mama anapumzika, tunasubiri zamu nyingine. Zege kidogo tu jamani.

Fundi Kabati
Shikamoo kwa mama. Hesabu nyingi zinafanywa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 24 wanampa sekunde 20. Mwenye fimbo hakuwepo kwenye hesabu.

Msee wa Kanairo
Hapa Nairobi taa zinawaka vizuri tu, lakini afisa amesimama kwa roundabout na ndiye unafuata. Kijani inawaka, yeye amekuzuia. Sheria iko upande wake, sawa. Shida ni akienda kunywa chai. Dereva ameshazoea kupuuza taa, sasa hakuna afisa na hakuna anayeamini nyekundu. Dakika hizo kumi ndizo mimi huogopa.

Mgeni Kigali
Huku taa zinahesabu sekunde na watu wa pikipiki wanasimama nyuma ya mstari, hata usiku. Sio malaika. Kuna kamera, wenyewe wanaziita Sofia, na faini inakufuata kwenye simu. Suka, bila kamera na mimi nisingeamini hizo sekunde.

Mama Nuru
Fundi, swali. Kile kitufe cha kubonyeza ili uvuke, kinafanya kazi kweli au tunajifurahisha?

Fundi Kabati
Inategemea, dada. Vingine waya ulishakatika zamani. Vingine mchana havibadilishi kitu, mzunguko ni uleule ubonyeze usibonyeze, vinasaidia usiku magari yakipungua. Kama kina kitaa kidogo na ukibonyeza hakiwaki, basi hilo ni pambo.