Kasa ninayemchora anageuka kobe. Nakosea wapi?

Penseli_Mpya

Wakuu, salaam. Ndiyo naanza kujifunza kuchora na kupaka rangi, na mnyama niliyemchagua ni kasa. Nina penseli ya HB, boksi la penseli za rangi 12 na karatasi za A4 za kawaida za kuchapishia.

Matatizo ni matatu. Gamba linatoka duara kama sahani, tena bapa. Vile vipande vya gambani havikutani: nikianza kushoto, nikifika kulia nafasi imekwisha. Na kijani ninachopaka kinang'aa kama plastiki, halafu nikirudia mara ya tatu karatasi inakataa rangi, penseli inateleza tu. Naomba maelekezo ya hatua kwa hatua, na vipimo kama vipo.

KalamuRisasi

Mkuu, nitagusa umbo tu, rangi wapo wanaoijua kunizidi.

Laza karatasi kwa upana. Kwa mkono mwepesi piga mstari wa sm 12, huo ndio uti wa mgongo na kila kitu kinapimwa kutoka hapo. Gamba la kasa si duara. Ni kama yai lililochongoka upande wa mkia, na mahali penye upana mkubwa pako mbele, kiasi cha theluthi moja kutoka shingoni. Hapo weka upana wa sm 9. Kichwa kiwe sm 2.5 hadi 3. Wanaoanza hukikuza kwa sababu ndipo penye jicho, na kichwa kikubwa kinamfanya kasa aonekane mtoto.

Sasa kwa nini anageuka kobe. Sababu ni miguu na shingo. Kobe ana miguu ya kusimamia, minene kama nguzo, na anaweza kuingiza kichwa ndani ya gamba. Kasa hawezi kuingiza kichwa wala mapezi. Kwa hiyo usichore tundu jeusi shingoni. Shingo ni nene na inaungana moja kwa moja na mabega. Mapezi ya mbele ni marefu: kwa gamba la sm 12, yape sm 8 hivi. Yaanzie kwenye robo ya mbele ya gamba, yapinde kidogo kwenye kiwiko, kisha yaelekee nyuma. Ukingo wa mbele ni mnene, wa nyuma ni mwembamba. Mapezi ya nyuma ni mafupi na mapana, sm 3 yanatosha, kwa kuwa kazi yake kubwa ni usukani.

Kosa jingine linaloonekana sana ni kuchora pezi moja limeenda mbele na jingine nyuma, kama mtu anayetembea. Kasa akiogelea hupiga mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kama ndege anavyopiga mabawa. Yote juu, au yote chini.

Vipande vya gamba: usianze kushoto kwenda kulia, anza katikati. Kasa uziwa (ndiye huyo wengi humwita kasa wa kijani) ana vipande 5 vikubwa kwenye mstari wa kati na 4 kila upande. Pembezoni kuna vidogo 12 kila upande, na kimoja kidogo juu ya shingo. Fuata utaratibu huu na hesabu itakubali yenyewe:

1. Ndani ya gamba, zungusha mstari mwingine unaofuata ukingo, umbali wa sm 1. Huo mkanda ni wa vile vidogo, uache kwanza.
2. Gawa mstari wa kati sehemu 5. Ya mwisho karibu na mkia iwe ndogo kidogo.
3. Vipande vya kati vina pembe sita, kwa hiyo kila kimoja kina ncha kulia na ncha kushoto. Chora ncha hizo.
4. Kutoka kwenye ncha za kipande cha 2, cha 3 na cha 4, vuta mistari hadi kwenye mkanda. Ni mistari mitatu kila upande, nayo inakupa vipande vinne. Hapo ndipo siri ilipo. Ukivuta mistari kutoka kwenye maungio ya vipande vya kati badala ya kwenye ncha, unapata ukuta wa matofali, si gamba.
5. Malizia kwa kugawa mkanda.

Na ubapa? Unatokana na ule mstari wa kati kunyooka kama rula. Ukimwona kasa kwa pembeni kidogo, upinde mstari huo na uusogeze kuelekea upande ulio mbali nawe: kati ya zile sm 9, ziache 3 upande wa mbali na 6 upande wa karibu. Vipande vya upande wa mbali vitakuwa vyembamba, na gamba litavimba kabla hujapaka rangi hata moja.

TabakaKwaTabaka

Maelezo mazuri hayo. Mimi nichukue rangi.

Kwanza karatasi. Ya kuchapishia ni gramu 80 na uso wake ni laini mno. Penseli ya rangi ina nta. Vijishimo vya karatasi vikishajaa nta, rangi mpya haina pa kushika, na huko kuteleza unakokuona ndiko huko. Tafuta karatasi ya gramu 160 au zaidi yenye uso unaokwaruza kidogo ukiupapasa. Ukilazimika kubaki na hiyo uliyonayo, jipangie tabaka tatu tu, zote kwa mkono mwepesi. Kukandamiza kwenye tabaka la kwanza ndiko kunakoharibu yote yanayofuata.

Pili, kijani. Jina la kasa wa kijani linatokana na rangi ya mafuta yaliyo mwilini mwake, si gamba. Gamba lenyewe ni la kahawia na kijani cha zeituni, lenye michirizi. Kwenye boksi la rangi 12 huenda zeituni haimo, lakini unaitengeneza hivi: njano nyepesi gamba zima, kisha kijani juu yake, kisha kahawia. Hiyo kahawia ina wekundu ndani yake, na wekundu ndio unaokizima kijani kisiwe cha plastiki. Kwa sababu hiyohiyo usitumie nyeusi kutia kivuli. Inaifanya rangi ionekane chafu. Kivuli cha gamba kipate kahawia iliyokolea na bluu iliyokolea, moja juu ya nyingine.

Michirizi ya kahawia itawanyike kama miale kutoka sehemu moja karibu na ukingo wa kila kipande. Usiifanye ilingane. Vipande viwili vikifanana kabisa jicho linagundua mara moja.

Ngozi ya kichwani na kwenye mapezi ina magamba madogo meusimeusi yenye mipaka ya rangi ya maziwa. Kuizunguka hiyo mipaka kwa penseli ni kazi ya kuchosha na inaishia kwenye uchafu. Chukua kalamu ya wino iliyokwisha wino, uchore mipaka kwa kukandamiza kiasi kabla hujapaka chochote. Inaacha mifereji. Ukipitisha penseli ya rangi ikiwa imelala ubavuni, rangi inaruka mifereji na mipaka inabaki myeupe. Kuwa mwangalifu, mfereji ukishachimbwa haufutiki. Ukitaka mipaka ya njano, pitisha njano nyepesi kila mahali kabla ya kuchimba.

Tumbo liwe njano iliyofifia, karibu na nyeupe.

Penseli_Mpya

Nashukuruni sana. Nimejaribu ile ya ncha za vipande na safari hii hesabu imekubali. Maswali mawili: maji ya nyuma nipake kabla ya kasa au baada yake? Na mistari ya HB inaonekana chini ya njano, nifanyeje?

TabakaKwaTabaka

Hiyo mistari ifute kabla ya kupaka, ibaki kivuli tu cha mstari. Usisugue, kifutio kinachofinyangika ukikibonyeza na kukinyanyua kinaondoa risasi bila kuchubua karatasi. Risasi ikishafunikwa na nta haitoki tena, na ikichanganyika na njano inakuwa kijivu. Maji mimi hupaka mwisho.

ChumviNaBrashi

Hapo kwenye maji sikubaliani na TabakaKwaTabaka. Kwa anayeanza, tabaka la kwanza la maji litangulie. Ukiliacha mwisho, utaogopa kugusa ukingo wa kasa, na itabaki pete nyeupe inayomzunguka kama kibandiko. Pitisha bluu nyepesi karatasi nzima, mpaka ndani ya mapezi na sehemu ya chini ya mwili. Liache gamba la juu tu. Tabaka za bluu zilizokolea ndizo zije baadaye.

Kuna sababu nyingine inayohusu bahari yenyewe. Maji hufyonza mwanga mwekundu kwanza, kwa hiyo chochote kilicho chini au mbali hupoteza wekundu na kuelekea bluu. Pezi la mbali likiwa na kahawia ileile ya pezi la karibu, yote mawili yataonekana yamebandikwa pamoja. Lipunguzie kahawia, lipitishie bluu, na kingo zake zisiwe kali. Jicho na ukingo wa pezi la karibu ndivyo vipate mistari mikali kuliko vyote.

Mwanga unatoka juu. Acha sehemu ya juu ya karatasi iwe nyepesi, ikolee kadiri unavyoshuka. Ukitaka ule wavu wa mwanga unaocheza mgongoni kasa akiwa karibu na uso wa maji, uache kwa karatasi tupu au njano tangu mwanzo, na mistari yake ipinde kufuata mviringo wa gamba. Ikinyooka, gamba linarudi kuwa bapa. Tumboni usiuweke, mwanga huo haufiki huko.

KalamuRisasi

Nakubali hiyo ya bluu kutangulia, ila ikipita juu ya njano inaleta kijani. Kwa hiyo njano ya tumbo ipakwe kidogo sana, na kivuli chake kiwe bluu na kahawia kwa mbali. Na weka karatasi safi chini ya kiganja wakati unapaka. Nta ya bluu inahama haraka sana kwenda kwenye sehemu nyeupe.