Darasa la maigizo likizo ya Juni, Kigoma mjini: watoto 28, wiki tatu. Tuanzie wapi?

mwl_Mwanga aliuliza:

Wakuu, habari za muda huu. Likizo ya Juni tunaendesha darasa la maigizo kwa watoto wa miaka 9 hadi 14 hapa Kigoma mjini. Waliojiandikisha ni 28, wengi wa Mwanga na Gungu, wachache wanatoka Ujiji. Tuna wiki tatu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Tumepewa bwalo la shule: sakafu ya saruji, paa la bati, halina dari. Wasimamizi tuko watatu, na mmoja tu ndiye aliyesomea sanaa za maonyesho. Ijumaa ya mwisho jioni wazazi wanakuja kutazama.

Tuchukue tamthilia iliyochapwa au tutunge? Igizo liwe la dakika ngapi? Sauti za watoto zinaishia safu ya mbele, tufanyeje? Bajeti ni ndogo na spika hatuna.

mwongozaji_Tabora:

Mwalimu, piga kwanza hesabu ya muda, igizo lije baadaye. Siku 15 kwa saa 3 ni saa 45. Toa mapumziko ya uji, watoto kuchelewa asubuhi na siku ya onyesho lenyewe, zinabaki kama 35. Nusu iende kwenye michezo ya mwili, sauti na kubuni papo kwa papo. Nusu iliyobaki ndiyo mazoezi ya igizo. Kadirio langu ni saa moja ya mazoezi kwa kila dakika moja ya jukwaani, kwa hiyo mna nafasi ya igizo la dakika 12 hadi 15. Ukiwaahidi wazazi igizo la saa nzima utapeleka jukwaani watoto wanaokumbuka maneno tu: macho juu kwenye bati, mikono imebana mapajani, na mmoja akisahau mstari wote wanakwama.

Kwa sababu hiyo nakusihi msianze na tamthilia iliyochapwa. Nyingi zina wahusika wanane au kumi wenye maneno, na wewe una watoto 28. Waliobaki watakaa pembeni wiki tatu nzima. Tungeni pamoja nao. Jambo hili lina mizizi hapa nchini: mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, ulijengwa juu ya wasichana wa sekondari kuchambua yanayowakwamisha shuleni na kuyaigiza wenyewe. Mtoto anayesema maneno aliyoyatafuta mwenyewe hayasahau kirahisi, na hata akiyasahau anapata mengine yenye maana ileile.

Wiki ya kwanza msitaje igizo kabisa. Siku mbili za mwanzo ni kutembea na kujaza eneo lote la bwalo bila kugongana, kofi likipigwa kila mtu anaganda. Halafu mchezo wa kioo, wawili wawili, mmoja anafuata mwendo wa mwenzake polepole bila kuchelewa. Siku ya tatu ingieni kwenye sanamu, zoezi lililoenezwa na Mbrazil Augusto Boal. Vikundi vya watoto watano au sita, taja picha: mwalo wa Kibirizi asubuhi dagaa wanaposhushwa, stesheni treni inapoingia, foleni ya maji bombani. Wape sekunde 10 za kujipanga, kisha wagande. Ukigusa bega la mmoja, anasema sentensi moja tu anayoiwaza mhusika wake. Andika sentensi hizo zote. Kufikia Ijumaa utakuwa na daftari lenye malighafi ya igizo.

Wiki ya pili chagueni hadithi na muikate iwe matukio matano hadi saba. Kwa kila tukio andikeni kwenye manila: nani yupo, yuko wapi, anataka nini, nini kinamzuia. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mtoto ukimwambia "igiza una huzuni" atakunja uso na kufuta machozi ambayo hayapo. Mwambie "mshawishi nahodha akupakie bure, boti inaondoka sasa hivi" uone anavyobadilika: mwili unasogea mbele, sauti inapanda bila kuambiwa.

Kila tukio liwe na sentensi mbili zisizobadilika, ya kufungulia na ya kufungia. Katikati wabuni mpaka siku ya 10, kisha mnakubaliana maneno na hayaguswi tena. Pasipo sentensi ya kufungia, tukio halikomi. Watoto wanarudia yaleyale huku kila mmoja akisubiri mwenzake aondoke.

Kwa idadi yenu, fanyeni makundi mawili ya 14, kila moja na igizo lake. Moja likiwa ndani, jingine liwe chini ya mti, mnabadilishana kila siku. Changanyeni umri. Ukiwatenga wa miaka 9 peke yao hawapati wa kumuiga.

pumzi_na_sauti:

Nijibu la sauti. Bwalo la bati na saruji lina mwangwi, kwa hiyo mtoto akipiga kelele ndiyo kwanza hasikiki: silabi moja inaikuta ile iliyotangulia bado inazunguka. Kabla ya kugusa watoto, rekebisheni chumba. Tundikeni vitenge au mikeka kwenye ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na waigizaji. Sita au saba vilivyoachia mikunjo vinapunguza mwangwi kwa kiasi cha kusikika. Vilivyokazwa havisaidii sana. Siku ya onyesho watazamaji wenyewe watameza sehemu iliyobaki.

Upande wa watoto, msiwaambie "paza sauti". Neno hilo linawafanya wakaze shingo na kusukuma kutoka kooni, na kufikia siku ya tatu nusu yao wamekauka sauti. Pumzi ndiyo ya kufundishwa. Walale chali kwenye mikeka, daftari juu ya tumbo. Akivuta pumzi daftari lipande, kifua kitulie. Wavute kwa hesabu ya 4, watoe kwa "sss" kwa hesabu ya 8. Kesho yake 12, wiki ya pili 16. Asiyefika asilazimishwe, akiona kizunguzungu aketi. Dakika 7 kila asubuhi zinatosha.

Baada ya hapo msimamizi mmoja asimame ukutani kabisa nyuma. Mtoto anasema sentensi yake akimlenga yeye. Asiposikia, ananyoosha mkono bila kusema lolote. Mtoto anajirekebisha mwenyewe, na sauti inatoka kwa sababu ina mtu wa kufikia.

Kosa kubwa zaidi ni kumeza mwisho wa sentensi. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ile ya mwisho hudondoka, hasa mtoto akiwa ameishiwa pumzi. "Baba hajarudi" inasikika "Baba hajaru". Dawa yake ni kusema sentensi huku anatembea na kusimama kwenye silabi ya mwisho, si kabla. Pia mfundisheni mahali pa kuvuta pumzi, wekeni alama ya mkwaju (/) kwenye manila.

Na jambo moja nalijali sana: kuna watoto watakaochanganya r na l kwa sababu ya lugha ya nyumbani. Msiwasahihishe mbele ya wenzao. Mtoto akichekwa kwa matamshi mara moja, wiki tatu zote zimeisha kwake. Kinachotafutwa ni kueleweka hadi safu ya nyuma, na hilo atalifikia kwa lafudhi yake.

mwl_Mwanga:

Asanteni sana, nimenakili yote. Bado wapo watoto kama watano, tuliowaona siku ya kujiandikisha, wanaojificha nyuma ya dada zao na hawajibu hata salamu. Na wapo wawili wa darasa la saba, wazazi wameshasema huenda wakawatoa kwa ajili ya masomo.

bi_mkubwa_Ujiji:

Mwanangu, hao watano usiwape mstari wa kusema peke yao, na usiwaambie kila siku "usiogope". Waanzishie kwenye sauti za kundi. Kundi la waitikiaji liwe sehemu ya igizo tangu mwanzo: ndio wanaofanya mawimbi, upepo, injini ya boti, minong'ono ya majirani. Watoto wanane wakisugua viganja, kisha wakigonga mapaja, kisha wakipiga miguu chini, umepata mvua inayokaribia. Anayeona haya anatoa sauti akiwa amezungukwa. Wiki ya pili mwachie neno moja lenye uzito, kama "Wamefika!", ambalo bila yeye tukio haliendelei. Na kama hata hilo hataki, mpe ngoma au kazi ya kuashiria matukio kuanza. Hiyo nayo ni kazi ya jukwaani, mwiteni mbele wakati wa kuinama kwa watazamaji kama wengine wote.

Tumieni pia mtindo wa mtambaji, yaani msimulizi wa hadithi, watoto wanaujua tayari: mmoja anaita "Hadithi hadithi!", ukumbi mzima unaitikia "Hadithi njoo!" Watazamaji wakiitikia, hofu ya mtoto inashuka.

Wa darasa la saba wana mtihani wa taifa Septemba, mzazi ana haki ya kuwa na wasiwasi. Mweleze kwamba ni asubuhi tu. Lakini usimpe mmoja wao nafasi ya mhusika mkuu bila mwenzake anayejifunza nafasi hiyohiyo tangu siku ya 6.

Katika kuchagua hadithi, kataeni kichekesho kinachosimama juu ya mlemavu, mtu mwenye ualbino, au kabila la mtu. Watoto watakileta maana wamekiona kwenye simu. Kikija, waulize huyo mhusika anataka nini, na kichekesho kijengwe hapo.

mwalimu_wa_fasihi:

Natofautiana kidogo na ndugu wa Tabora. Kwa wa miaka 12 hadi 14, kubuni tupu hakutoshi. Wape nao kipande kimoja kilichoandikwa, mazungumzo ya watu wawili, mistari 10 hadi 12, wakikariri kwa siku tatu. Kukariri kunawafundisha jambo ambalo kubuni hakulifundishi: kusikiliza mpaka mwenzako amalize, kwa sababu neno lako linategemea lake. Anayebuni tu huzoea kudakia.

Ila wasikariri wakiwa wamekaa. Wasome mara mbili kwenye duara, kisha wasimame na karatasi mkononi, wafunge kila mstari na kitendo: hapa anaweka ndoo chini, hapa anageuka. Mwili ndio unaokumbuka. Karatasi itoke mkononi siku ya tatu, na mkumbushaji akae pembeni atamke neno la kwanza tu la mstari, si mstari mzima.

mwongozaji_Tabora:

Kwa mazungumzo mafupi hivyo sina ubishi, mradi yasigeuke kuwa onyesho lenyewe.

fundi_jukwaa:

Mmesahau siku yenyewe. Wazazi wakijaa jioni ndani ya bwalo la bati kuna joto na giza, na umeme ukikatika mmekwama. Igizeni nje, upande wa mashariki wa jengo. Jioni kuna kivuli, ukuta nyuma ya waigizaji unasukuma sauti mbele, na watazamaji hawapigwi na jua la upande wa ziwani. Kigoma Juni jua huzama karibu saa 1 jioni, kwa hiyo mkianza saa 10:30 mnamaliza na mwanga mzuri. Chora jukwaa kwa chokaa, mita 6 kwa 4. Safu mbili za mbele waketi kwenye mikeka, zinazofuata madawati, waliobaki wasimame; bila hivyo wa nyuma hawaoni chochote na wataanza kuongea.

Mkipewa maikrofoni moja ya kushika, ikataeni. Itapokezanwa kama mwenge, mikono itafungika na kila anayeongea atasimama palepale.

Watoto wana tabia ya kujipanga mstari mmoja kama kwaya. Wekeni alama tatu za mbele na tatu za nyuma kwa chaki, kila tukio liwe na mtu mbele na mtu nyuma, mwingine ameketi au amechuchumaa. Maleba, yaani mavazi na vifaa vya mhusika, yawe kitu kimoja kwa mhusika: khanga, kofia, bakora, kasia. Panga na visu vya kweli visionekane kabisa, hata kwenye mazoezi. Usoni msiwapake rangi ya ukuta wala masizi.

Fomu ya idhini ya mzazi iwe na namba ya simu, mzio wa chakula, nani anamchukua mtoto, na mstari wa peke yake kuhusu picha na video. Asiyekubali, mtoto wake asirekodiwe. Wakati wote wawepo watu wazima wawili, asiwepo msimamizi peke yake na mtoto mmoja chumbani. Mtendaji wa mtaa apewe barua mapema. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ibandikwe ukutani pamoja na ratiba. Uji saa 4:30: kilo moja na nusu ya unga kwa lita 10 za maji inawatosha wote 28 na wasimamizi.

Mazoezi ya jumla yafanyike Alhamisi saa ileile ya onyesho, palepale, na watazamaji wachache, maana mwanga na upepo wa asubuhi si wa jioni. Na kama kuna mgeni rasmi, hotuba ije baada ya watoto. Wakikaa nusu saa wamevaa maleba wakisubiri, pumzi mliyoijenga wiki tatu inakwisha kabla ya sentensi ya kwanza.