Nina njaa kwa nyumba ya watu Marekani na friji imejaa, nifanyeje?

mwana_wa_langoni
Assalam aleikum wadau. Mimi ni kijana wa miaka 16 kutoka Lamu, nimekuja Marekani na YES, ile programu ya kubadilishana wanafunzi walioianzisha 2002 baada ya yale mambo ya Septemba 11, niko Minnesota, huu ndio mwezi wangu wa tatu hapa, nakaa na familia moja hapa mpaka mwaka wa skuli uishe. Sasa nauliza hili na msinicheke. Nashinda na njaa. Sio kwamba watu ni wabaya, wallahi ni watu wazuri sana, lakini tukila mama wa huku ananiuliza niongeze? mimi nasema la nimeshiba, kama mtu yeyote aliyelelewa, basi anachukua sahani anaenda kuosha! Hakuna "ongeza bwana", hakuna "kula mwanangu mbona hujala kitu", imeisha hio. Siku ya kwanza waliniambia friji ni yako fungua chukua utakacho, lakini friji ya watu waifunguaje? Nilijaribu mara moja tu, usiku, nataka maziwa, mlango ukatoa mlio nikaurudisha nikaenda kulala hivyo hivyo.

Halafu giza. Saa kumi na moja kasoro jioni usiku ushaingia, nje baridi, hakuna baraza, hakuna mtu njiani, kila mtu kajifungia ndani. Nimejizoesha kama saa mbili kasorobo usiku nampigia mama, manake ndio wakati kwetu wanaadhini alfajiri, namwambia aiweke simu dirishani nisikize, na punda wa jirani akianza kulia nami hapo ndio naanza. Tunaongea mpaka saa tano, saa sita. Kesho yake darasani nasinzia. Juzi niliwaambia wenzangu kwetu vichochoro ni vyembamba gari haipiti twatumia punda na mashua, wakanipa pole. Nikakosa la kusema, kwani nilikuwa najisifu.

Nimwambie koodineta, yule msimamizi wetu wa programu, anibadilishie familia ama nivumilie?

ras_ngomeni
Friji imejaa na una njaa 😂😂 rudi basi hio nafasi nipe mimi, ntadanganya umri.

binti_wa_malindi
Usimsikize huyo. Mdogo wangu mimi nilienda Italia nikiwa kidato cha tatu. Sisi wa Malindi twajiona Kitaliano twakijua, tangu utotoni ciao kwa huyu ciao kwa yule, kumbe kile chetu ni cha kuuzia vinyago. Nimefika darasani kule mwalimu anakuita akuulize somo kwa mdomo wenzako wote wanakutazama, na mimi nachojua ni kupunguza bei. Nililia chooni karibu kila siku. Kilichonisaidia ni kwamba Italia darasa ni lile lile na watu wale wale kutwa, walimu ndio wanaohama, ukikaa na mtu dawati moja mwezi mzima atakuzoea tu apende asipende. Huko kwako wanafunzi ndio wanaohama kila kipindi kwa hivyo rafiki hakufuati ulipo, ingia timu yoyote, kwaya, kuogelea, chochote, wewe wa Lamu utashindwaje na kuogelea.

Kuhusu chakula, kwao la ni la. Wewe ukisema umeshiba anakuamini, na kukulazimisha anaona ni ujeuri. Mwambie kwa mdomo kwetu ilivyo. Koodineta kwa kanuni lazima awasiliane na wewe kila mwezi, kama kungekuwa na kunyanyaswa ama kunyimwa chakula ningekwambia mpigie sahii hii usingoje, lakini hapa hujanyimwa, umejinyima. Familia haibadilishwi kwa sababu mgeni ana haya.

mama_shela
Mwanangu, mimi ni mzazi, wangu alikwenda huko huko Marekani na sasa ni mtu mzima. Hilo la simu nimelisoma mara mbili kwa sababu ni mimi huyo. Kila akipiga nalia, naye akisikia nalia analia, bibi yake akipewa simu ndio msiba kamili. Mpaka siku moja babake akaichukua ile simu akaitia mfukoni akenda nayo baharini. Nilimgombeza wiki nzima sikumpikia vizuri. Kumbe kijana kule alipotukosa ndio akashuka chini akawakuta wale watu wanacheza karata, akakaa. Nilikuwa namharibu mwenyewe nikidhani namliwaza. Sikwambii usimpigie mamako, piga Jumapili, na adhana umwambie akurekodie.

Na kuna jambo hukulisema labda kwa aibu, choo. Hakuna maji, ni karatasi tu. Wangu alikuwa akiingia na chupa ya soda kaifunika taulo kama mwizi, mpaka akaona dukani kopo la kumwagilia maua, lina mdomo mrefu, akanunua. Mama wa kule akafurahi akidhani kijana apenda mimea, akamletea chungu cha mrehani akiweke chumbani. Alikaa akiumwagilia mpaka siku ya kurudi.

binti_wa_malindi
😂😂😂 Italia hio taabu sikuipata, kila nyumba ina beseni lake la kujioshea pembeni ya choo

mwana_wa_langoni
Nimerudi. Kopo nimenunua, asante mama. Jana nilimwambia yule mama kwamba kwetu la ya kwanza haihesabiwi, unamuuliza mgeni mara tatu. Akashika mdomo. Kumbe alikuwa akimlalamikia koodineta kwamba sipendi mapishi yake, na ile friji inajaa vile kwa sababu yangu, kila wiki ananunua kitu kingine labda hiki nitakula, mpaka maembe ambayo yamenyauka hata ladha hayana lakini nimeyala yote. Leo mezani kaniuliza mara tatu anahesabu na vidole.

Jumamosi nawapikia mahamri. Unga upo, nazi ya mkebe ipo, mbaazi hapa sijaziona, Wasomali wenye maduka wako Minneapolis na ni mwendo wa saa tatu kwa gari, nitaweka maharagwe. Shida ni iliki, kichupa kidogo kama dawa ya macho bei yake sitaki hata kuitaja. Bila iliki yatakuwa mahamri kweli?

mama_shela
Hayatakuwa. Hebu fungua begi lako tena utafute vizuri, mifuko ya ndani. Hakuna mama wa Lamu anayemtoa mwanawe safari bila iliki.

mwana_wa_langoni
Iko. Ndani ya soksi, kaifunga na gazeti, na ubani juu yake.