Lindi hadi Nyangao kila siku: nisikilize nini njiani?

Mwalimu wa Alfajiri:

Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu, nafundisha Historia na Kiswahili sekondari moja upande wa Nyangao, ila nalala Lindi mjini kwa sababu mama yangu mzazi anaumwa na siwezi kumwacha peke yake. Kila siku ya kazi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Napanda Hiace mpaka Mnazi Mmoja, pale Mingoyo njia inapogawanyika, nashuka, nasubiri gari linalotoka Mtwara kwenda Masasi. Likija limejaa, nasimama. Jioni narudi hivyo hivyo. Nikijumlisha na kusubiri, saa nne zangu za siku zinaishia barabarani, na hapo ni siku ambayo konda hajaamua kuzunguka mji mzima kutafuta vichwa.

Nimejaribu kusahihisha madaftari garini, wino mwekundu ukaishia kwenye kanga ya jirani. Nimejaribu kusoma, natapika. Dereva wetu ni muziki wa singeli kwenda, singeli kurudi. Sina ugomvi na singeli, lakini kabla jua halijatoka? Redio ya simu nayo tukiingia mabondeni inakatika pale pale habari inaponoga.

Mdogo wangu akaniambia nihamie kwenye podikasti, hivi vipindi vya sauti vya kushusha kwenye simu. Akaniwekea moja ya vijana wanne wanaocheka. Wanacheka mwanzo mpaka mwisho na mimi sijaambiwa kinachochekesha ni nini. Nikazima.

Naomba mnisaidie. Kiswahili kwanza, Kiingereza sikatai kikizungumzwa taratibu. Nisihubiriwe utajiri, tafadhali. Bando langu ni la mwalimu, mnaelewa. Na kiwe kitu ambacho konda akinikatiza na "mwalimu sogea nyuma", nikirudi nakuta bado najua nilipoachia.

Kijana wa Shangani:

Shikamoo mwalimu. Jaribu Salama Na. Ni Salama Jabir yule yule mtangazaji wa kipindi cha Mkasi, anakaa na mtu mmoja wanaongea bila haraka, mwanamuziki, mchezaji, mfanyabiashara. Hamkatizi mgeni wake, ndiyo maana wanamwambia mambo. Ukipenda simulizi za watu na matukio ya dunia, basi The Story Book ya Wasafi, ile sauti ya Profesa Jamal April ukiisikia gizani unafunga dirisha bila kuambiwa.

Msafiri Mchovu:

Mwalimu, saa kumi na moja alfajiri dawa ni kulala. Mimi Mtama naijua kwa kuamshwa tu.

Fuso la Kusini:

Dada mwalimu, pole na mama.

Mimi ni dereva wa Fuso. Msimu wa korosho napakia Masasi, Newala, Nachingwea, nashusha Mtwara. Msimu ukiisha napiga Dar. Kusikiliza nimeanza nikiwa utingo, enzi za Radio Tanzania, podikasti hata jina hatulijui. Kulikuwa na mchezo wa Twende na Wakati, ulianza 1993, na ndani yake yumo dereva wa lori anaitwa Mkwaju, ana mwanamke kila kituo, na ukimwi ukammaliza. Mke wake, Tunu, ndiye aliyepata akili ya kujitegemea. Bosi wangu alikuwa anausikiliza huku anasonya, "Hawa wanatuchafulia jina!" Lakini saa yake ikifika anaegesha pembeni, anazima injini ili asikie vizuri. Mpaka leo kipimo changu ndicho hicho. Hadithi ikimfanya anayesonya azime injini, hiyo ni hadithi.

Sasa safari yako ina vipande vitatu, usiipe dawa moja.

Lindi mpaka Mnazi Mmoja bado una usingizi, kwa hiyo weka habari. Dira ya Dunia ya BBC ishushe usiku, usikilize alfajiri. Utasema ni habari za jana. Sawa, ila waziri aliyetumbuliwa jana jioni na asubuhi bado ametumbuliwa.

Pale Mnazi Mmoja hujui gari litakuja baada ya dakika tano au hamsini, na macho yako yako barabarani. Hapo usiweke kitu kirefu, utakikata shingo. RFI Kiswahili, redio ya Ufaransa, wana vipindi vifupi vifupi: Siha Njema ni afya, Gurudumu la Uchumi jina linajieleza, Changu Chako Chako Changu ni mambo ya utamaduni. Na kwa vile unafundisha Kiswahili, idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa ina kipengele cha kujifunza lugha, mtaalamu anachukua neno moja au methali moja anaifafanua, kimekwisha. Mimi darasa la saba lakini nimeshabishana na afisa mmoja mizani kwa neno nililolitoa mule, nikashinda. Faini nikalipa vile vile.

Kuanzia Mnazi Mmoja kwenda Nyangao ndiyo nyama yenyewe. Umeshaamka, barabara imenyooka, weka mchezo wa kuigiza. DW Kiswahili, redio ya Ujerumani, wana Noa Bongo, michezo iliyotungwa kwa ajili ya vijana, hata wanafunzi wako utawapa. Halafu wana Karandinga, hizo ni hadithi za polisi na wahalifu, kila hadithi imekatwa vipande. Kila sehemu inakukumbusha ilikoishia, kwa hiyo konda akusogeze atakavyo. Hii ndiyo nakupa kwa mikono miwili. Niliisikiliza kutoka Nangurukuru mpaka daraja la Mkapa na sikumbuki nilipita wapi, jambo ambalo dereva hatakiwi kulisema.

Simulizi za sauti nzito ya polepole mimi nimeziacha. Wewe ni abiria, ukisinzia unapitishwa kituo. Mimi nikisinzia korosho za watu zinalala mtaroni.

Kuhusu bando: usisikilize moja kwa moja mtandaoni, shusha kwanza. Sauti tupu ya saa moja, kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki MB 30. Ikiwa 128 ni kama MB 58. Video ya saa hiyo hiyo, hata picha ikiwa ya ukungu, inakula mara kadhaa ya hapo, na bila kulipia YouTube ukizima kioo nayo inanyamaza. Weka programu inayoitwa AntennaPod, ya bure, inakaa kwenye Android yoyote. Ukiiamuru ishushe ikikuta waifai tu, inatii. Usihangaike na ile ya Google Podcasts ambayo watu bado wanaitaja, ilifungwa 2024. Mimi Jumapili nakwenda kwa shemeji yangu mwenye waifai, nabeba kilo ya samaki, naondoka na vipindi vya wiki. Shemeji anajua kabisa kilichonipeleka.

Mpenda Kale:

Mwalimu wa Historia, kama Kiingereza kinapita, tafuta In Our Time ya BBC Radio 4. Ipo tangu 1998, maprofesa watatu wanabanwa maswali juu ya jambo moja kwa kama dakika arobaini na tano. Leo falsafa, wiki ijayo ustaarabu uliozama, wiki nyingine mdudu. Hawaongei haraka, na wakianza kubishana kwa heshima ndiyo raha yenyewe.

Ila nina dukuduku. Wewe kila siku unapita mkoa wenye Tendaguru. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na leo yule mjusi amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Nimetafuta simulizi yake ndefu ya kusikiliza kwa Kiswahili, iliyoongewa na mtu wa huku, sijaipata. Unayo simu, unayo sauti ya kunyamazisha watoto sitini. Fikiria.

Binti Mikindani:

Mimi podikasti yangu ni bibi. Nilimwekea simu mkekani akasimulia walivyokuwa wakienda kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, na shangazi yake, nikarekodi. Dakika arobaini. Kati ya hizo, kumi anafukuza mbuzi na tano anadai hela ya vitumbua kwa mtu aliyepita. Sijakata hata kidogo. Nikiwa kwenye basi la Dar naisikiliza yote, na deni lile bado halijalipwa.

Mwalimu wa Alfajiri:

Nimerudi, wiki tatu sasa. Kijana wa Shangani, marahaba. Salama Na naiweka jioni, nikiwa sina nguvu ya kufuatilia kesi, na mahojiano mawili yalinifikisha nyumbani bila kugundua kwamba nimesimama njia nzima. The Story Book nimeiacha, siyo kwa ubaya. Bando.

Msafiri Mchovu, ushauri wako niliufuata Jumatano moja. Nimeamkia Ndanda.

Mpenda Kale, maprofesa nawasikiliza Jumamosi nikifua, garini wananipita. Hilo la Tendaguru limenikaa rohoni, nitalijibu siku nyingine.

Fuso, mpangilio wako wa vipande vitatu naufuata kama ratiba ya shule, lakini kipande cha katikati kimeharibika. Pale Mnazi Mmoja kuna mama anauza ming'oko ya kuchemsha, huwa nanunua kifuko. Siku ya pili akaniuliza nacheka nini. Nikampa sikio moja la hedifoni. Siha Njema ilikuwa inazungumzia shinikizo la damu, akaitikia kwa kichwa, akasema haya tunayajua, hakuna ngoma nyingine? Basi nikafanya kosa, nikamfungulia Karandinga sehemu ya kwanza.

Sasa kila asubuhi nikishuka kwenye Hiace namkuta ameshaweka kigoda cha pili. Gari la Masasi likija katikati ya sehemu, anamwambia konda angoje kidogo, na konda anangoja kwa sababu ming'oko anakula kwa mkopo pale. Juzi, njiani kwenda Nyangao, nilishindwa kuvumilia nikasikiliza sehemu inayofuata peke yangu. Kesho yake alinitazama usoni tu akajua. Aliniuzia ming'oko bila chumvi ya pilipili, na nimepigwa marufuku kutangulia.

Kwa hiyo Fuso, kaka yangu, kile kipande cha Nyangao kimebaki wazi tena. Nipe mchezo mwingine, na huo nitausikiliza kimya kimya.