Nyumba ya Mama, Chumbageni 🏠

IJUMAA

19:42 Mwanaidi: Asalam aleikum. Jamani suala la kompyuta ya mama nimelisema tangu mwezi wa nane mnasoma mnapita. Mawaidha yake yanakatakata, mdomo unaenda sauti haipo, na watoto wakifungua gemu la mpira linavuma kama mashine ya kusaga. Tuchange tulimalize wiki hii

19:58 Shabani: liwekwe mahindi tupate sembe 😂

19:59 Mwanaidi: Shabani.

20:03 Zuhura: Waaleikum salaam. Nipo kwenye daladala nitasoma nikifika

20:21 Shabani: lakini dada si bando tu hilo

20:24 Iddi: Sio bando mjomba. Video hiyohiyo kwenye simu ya bibi inaenda vizuri, wifi ileile. Processa inasoma 100 muda wote. YouTube wanatuma video kwa VP9, yaani namna yao ya kuibana video, na hii i5 ya 2012 haina sehemu yake ya kuifungua kwa hiyo processa inabeba yote peke yake, halafu RAM 4GB, brauza ikifunguka tu imeisha inaanza kuhamishia vitu kwenye hadidiski ndo ule mkwaruzo mnaousikia

20:25 Shabani: mtoto kasoma huyu 🙌

20:31 Mwanaidi: Nimeongea na fundi hapa Kariakoo, mpya haina haja. SSD, ile diski ya kasi, ya 240GB elfu 65. RAM 4GB mbili elfu 50, ziwe DDR3, DDR4 haiingii tundu lake tofauti. Na kadi ya picha GTX 1050 Ti ya mtumba 250, itafutwe ile isiyotaka waya wake wa umeme maana pawa saplai yetu ndogo, inakula wati 75 inazipata palepale kwenye bodi, na VP9 inafungua yenyewe. Jumla 365, tupo watano, elfu 73 kila mtu. Tumeni kwangu

21:50 Abdalla: Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025. Kwa nini tutie hela kwenye kitu cha zamani

21:53 Iddi: Kweli mjomba na 11 haiikubali, inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, hii ya tatu. Ila tunaweza kuweka Linux badala ya Windows, video zinaenda, gemu baadhi ndo zitagoma

21:55 Mwanaidi: Kaka mpya utanunua wewe?

21:58 Abdalla: Mimi hela ya kumpa mtu mkononi bila risiti sitoi tena

21:58 Mwanaidi: Unamaanisha nini

22:01 Abdalla: Wa pampu wanajielewa

22:02 Shabani: naenda kuangalia wali nisije kuunguza

22:09 Mwanaidi: Risiti ya pampu niliituma humuhumu, wewe ndo ulikuwa umeibiwa simu, nikakupigia nikakusomea mpaka senti ya mwisho na Zuhura alikuwepo amekaa pembeni yangu, leo miaka yote hiyo unanitaja mbele ya watoto. Zuhura sema

22:40 Zuhura: Nimefika. Kuna nini?

JUMAMOSI

06:12 Iddi: Nimemsomea bibi zote. Kasema niandike hivihivi nisipunguze neno. "Hiyo kompyuta marehemu baba yenu aliileta kaipakata mapajani kwenye basi kutoka Dar. Haitupwi, haigawiwi. Itengenezwe. La pampu, maji yanatoka na ninayanywa mimi. Mwenye neno aje aliseme hapa barazani mbele yangu. Gemu mimi sizijui. Nataka nimuone Khamisi sura yake, mara ya mwisho alikuwa vidoavidoa mpaka nikalia."

06:30 Abdalla: Shikamoo mama. Nimekusikia

06:31 Mwanaidi: Shikamoo mama 🙏🏾

06:33 Shabani: Shikamoo mama

07:15 Zuhura: Shikamoo mama. Mwanaidi nakutumia 50 leo, iliyobaki mwisho wa mwezi

11:07 Khamisi: Asalam aleikum, nilikuwa zamu usiku. Shikamoo bibi, shikamooni wote. Shangazi kadi niachieni mimi, huku Maskati nitaipata pale Ruwi na kuna rafiki yangu anapanda ndege Jumatatu kuja Dar. Ila kasha ni nene au jembamba? Jembamba linataka kadi fupi, ndefu haiingii. Na nyuma kuna HDMI?

11:20 Iddi: Haina, VGA moja na DisplayPort mbili. Kadi ikiwa na HDMI tunachomeka TV moja kwa moja. Kasha nitapima nikitoka madrasa

11:32 Mwanaidi: Mungu akuzidishie mwanangu. Basi imebaki SSD na RAM, 115 kwa watu wanne. Abdalla, Shabani sijaona kitu

11:40 Shabani: mimi natoa brashi ya vumbi

11:41 Mwanaidi: Brashi na hela

12:26 Abdalla: Khamisi ni mwanangu, akitoa yeye nimetoa mimi

12:27 Mwanaidi: Hapana kaka, Khamisi katoa lake

JUMAPILI

20:05 Mwanaidi: Iddi kasha umepima??

22:48 Iddi: Samahani mama mdogo umeme ulikatika tangu jana simu ikazima. Unene sentimita 9 na kidogo, jembamba

22:49 Mwanaidi: KHAMISI kadi FUPI

22:55 Mwanaidi: Khamisi umeona? Fupi

23:10 Zuhura: Kwangu inaonyesha tiki moja tu